Vyungu vya Shingo Fupi

Chungu huvunjika kutokea ndani. Wengi hawalijui hilo. Hukizungushia matambara, hukibana kwa magazeti pande zote, halafu hukiacha tumbo tupu, na gari likianza kuruka mashimoni, ule utupu ndio unaokipasua. Mimi nilianza kwa kukijaza. Nilikishindilia pumba za mpunga mpaka mdomoni, nikizisukuma kwa ngumi, kisha nikauziba mdomo kwa gamba kavu la mgomba. Ndipo nilipougeukia upande wa nje.

Pumba hazikuwa shida Kyela. Nyuma ya kila mashine ya kukobolea mpunga palikuwa na kilima chake, na wenye mashine walifurahi kumwona mtu wa kukipunguza. Lakini nilizichekecha, maana chenga zikibaki ndani, panya atalifungua boksi kabla ya mteja. Nilizianika pia. Mvua za kwetu hazipigi hodi, na pumba zenye unyevu huvunda na kuacha doa jeusi kwenye udongo. Kisha kulikuwa na suala la kukalisha. Vyungu vya Wakisi vina tako la mviringo, havikai mahali bapa. Nikawa nasokota ngata za magamba ya mgomba, zilezile ambazo wanawake huziweka kichwani chini ya ndoo, na kila chungu kikapata ngata yake ndani ya boksi. Nikimaliza nilililaza boksi kifuani, nikalitikisa huku nimetega sikio. Likiongea, nililifungua na kuanza upya. Likinyamaza, nilichukua sindano ya magunia na kulishonea koti lake.

Tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Bondeni, mimi na dada yangu. Nasema dada yangu kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kusema. Yeye alizaliwa na mama mkubwa; mimi nilizaliwa na mdogo wake mama mkubwa, ambaye alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Mama mkubwa alinichukua, akatulaza mkeka mmoja, akatupiga kwa fimbo moja, na mtu akiuliza wake ni yupi, alijibu, "Wote wana njaa, chagua mwenyewe."

Mama mkubwa aliishi Ikombe, kule ambako mlima umelisogelea ziwa mpaka njia ikakosa pa kupita, watu wakaiachia mitumbwi kazi ya barabara. Alikuwa mfinyanzi, kama mama yake. Alifinyanga amekaa chini, miguu ameinyoosha, akilizungusha tonge la udongo kwenye kigae kilichopinda, na shingo ya chungu ilipanda mikononi mwake kama mmea unaoota mbele ya macho yako. Shingo zake zilikuwa ndefu, na ukingoni alizipaka udongo mweupe. Mnunuzi yeyote wa gulio la Matema alizijua.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa. Duka la ushirika lilikuwa limegeuka ukumbi wa video. Kutoka Kasumulu, mpakani, yaliingia mabeseni ya plastiki ya kila rangi, ndoo, majagi, sahani zisizovunjika hata zikirushwa ukutani, na wanawake wa Kyela wakaanza kuvionea aibu vyungu vya mama zao. Na wakati huohuo, watu wa Dar es Salaam, ambao plastiki walikuwa wameichoka kabla yetu, wakaanza kuvitafuta vyungu wavipange sebuleni. Dada ndiye aliyeliona hilo. Pale Bondeni palikuwa pamefunguliwa duka la mtandao, chumba chenye kompyuta chache na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Dada alijifunza kupeleka picha za vyungu kwa watu wasiomjua, nao wakamjibu. Alirudi chumbani siku ile akiruka kama mtoto.

"Wewe utafunga, mimi nitaongea," alisema. "Mama atafinyanga. Nani atatuweza?"

Maboksi nilipewa na mzee mmoja mwenye duka la jumla, Mwislamu ambaye babu yake alikuja Kyela kutoka Kilwa na hakurudi tena. Aliniwekea yale ya sabuni, kwa kuwa ndiyo magumu. Siku moja alinikuta naandika ubavuni mwa boksi, kwa herufi kubwa, VYUNGU, SHIKA TARATIBU.

"Binti, hayo usiandike," akasema. "Kuli akisoma vyungu anaona udongo. Udongo si anaukanyaga kila siku? Andika mayai."

"Mzee wangu, si uongo huo?"

"Chungu hakivunjiki? Yai halivunjiki? Basi ni ndugu. Andika."

Niliandika MAYAI. Makuli wa stendi wakayabeba maboksi yangu kwa mikono miwili, wakilaaniana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja wao aliniuliza kwa heshima kubwa kuku wangu ni wa aina gani.

Msimu wa kwanza ulipita vizuri. Kisha, mvua za masika zilipoanza, dada alirudi kutoka kwenye mtandao akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Vimevunjika," akasema.

"Vingapi?"

"Karibu vyote."

Nilihisi kama mtu aliyeambiwa mtoto aliyemfunga mgongoni ameanguka njiani. Nilimwuliza boksi lilifikaje, kama lilikuwa limelowa au limebonyea. Alitikisa kichwa, akanishika mkono.

"Si wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe unafunga vizuri, wateja wenyewe wanasema. Ni udongo wa mama. Umechoka. Mikono yake nayo inazeeka, hachomi kama zamani. Lakini nakuomba, usimwambie. Unamjua. Tukimwambia hivyo, tumemzika."

Sikumwambia. Nani angemwambia?

Katika ukoo wetu wa wafinyanzi kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeihoji. Chungu kilichovunjika kabla ya kupikiwa mara ya kwanza kilihesabiwa kuwa bado ni cha mfinyanzi. Aliyekinunua alipewa kingine, bila maneno, bila kuulizwa kilianguka wapi. Mama mkubwa alipoletewa habari na dada kwamba vyungu vimevunjika njiani, hakuuliza kitu. Alishuka machimboni na jembe lake, akachimba, akaponda, akakanda, akafinyanga vingine. Nami nikavifunga vile vya fidia kwa uangalifu wa mtu anayemfunika mgonjwa. Niliongeza pumba. Niliongeza ngata ya pili juu. Nilijaribu maboksi yangu kwa kuyaangusha kutoka kwenye ngazi ya mwenye nyumba, na kila nilipoyafungua vyungu vilikuwa vizima, vikinitazama.

Na bado, mwezi baada ya mwezi, dada alirudi na habari ileile. Si kila boksi. Mara hili, mara lile. Mama mkubwa akafinyanga tena.

Kisha vyungu vyenyewe vikaanza kubadilika. Nilipovipokea kwenye mtumbwi pale Matema niliona kuta zimekuwa nene. Baadaye shingo zikaanza kushuka. Zile shingo ndefu, ambazo nilikua nikizitazama, zikafupika kama shingo za watu wanaojikunyata kwa baridi. Alipoleta vya mwisho, kila chungu kilikuwa na kichwa kilichozama mabegani. Nilidhani anajua kuhusu udongo wake. Nilidhani amejigundua mwenyewe na anapambana kimyakimya, nikaona uchungu, nikamsifia.

"Ni vizuri hivi, mama mkubwa."

"Vitavumilia," akajibu, bila kunitazama.

Mwanzoni mwa kiangazi alituma ujumbe kupitia wauza dagaa kwamba ameacha. Nilipanda mtumbwi siku ileile kwenda kumwona. Nilimkuta amekaa mlangoni, kile kigae chake cha kufinyangia amekigeuza chombo cha kuku kunywea maji.

"Mugonile, mama mkubwa."

"Ndaga, mwanangu. Umekula?"

"Nasikia umeacha."

"Siwezi kufinyanga vitu vya kuvunjika," akasema. "Mtu akifinyanga chungu anakiona kikipikiwa maharage, anaona watoto wanagombania ukoko. Mimi naona vigae tu. Nikilala naona vigae."

Nilirudi Kyela nikiwa nimeamua. Udongo ule sikuuamini kuwa umechoka. Nilikuwa nimevigonga vile vyungu kwa kidole, kimoja baada ya kingine, na vilinijibu kwa sauti safi. Kama tatizo lilikuwa barabara, au kuli fulani mahali fulani, ningeliona kwa macho yangu, nimpelekee mama mkubwa jina la adui yake, akakigeuze tena kile kigae. Dada alikuwa amekwenda Kasumulu kufuata vitenge, kazi mpya aliyokuwa ameianza. Sikumsubiri. Nilifunga boksi la mwisho la vyungu vya shingo fupi, nikapanda basi la Dar pamoja nalo.

Sikulitoa machoni. Kila basi liliposimama nilishuka, nikaenda kwenye buti, nikaliwekea mkono. Abiria wenzangu waliamini kweli nimebeba mayai, na mama mmoja alinishauri niyageuze. Tulipofika, nilikodi teksi niliyoijutia, nikaifuata anwani ambayo nilikuwa nimeiandika ubavuni mwa maboksi mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuichora nikiwa usingizini.

Lilikuwa duka la mapambo ya nyumba. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliliona boksi langu kabla ya kuniona mimi.

"Mayai ya Kyela!" akapaza sauti, akacheka. "Safari hii yameletwa na kuku mwenyewe?"

Nilitaka kulifungua mbele yake, tuone pamoja kilichovunjika. Tulikata uzi, tukaondoa pumba. Vyungu vyote vilikuwa vizima. Nilipumua, nikamwambia nasikitika sana kwa vile vya nyuma.

"Vya nyuma vipi?"

"Vilivyovunjika, mama."

Alivaa miwani yake, akanitazama kama anayetafuta nilipoumia.

"Mwanangu, kwangu hakijawahi kuvunjika hata kimoja. Nyie mnafunga vyungu kama mnafunga bibi harusi. Hizi pumba natupia kwenye maua yangu. Nani kakwambia vimevunjika?"

Nilikuwa nimeinua macho kwenye rafu zilizokuwa nyuma yake. Pale juu vilikaa vyungu vya shingo ndefu, vichache, vyenye ukingo mweupe. Chini yake, rafu mbili nzima, vilikaa vyungu vya fidia. Nilikijua kila kimoja. Niliwahi kukigonga, kukijaza, kukikalisha. Kulikuwa na kile ambacho mama mkubwa alikiachia alama ya kidole gumba kwenye sikio. Kulikuwa na kile kinene kuliko vyote, alichokifinyanga akiwa na homa.

Mwenye duka alifuata macho yangu.

"Hivyo vya shingo fupi ndivyo vinavyokwenda," akasema kwa furaha. "Ndugu yako aliniandikia kwamba hiyo ni fasheni mpya ya huko kwenu. Bei yake juu kidogo, lakini wazungu wanavipenda. Mwambie fundi asirudie vile virefu."

Dada yangu alikuwa ameichukua hofu ya mama yake, akaipiga picha, akaiita fasheni.

Safari ya kurudi siikumbuki, isipokuwa kwamba nilikaa dirishani na sikuona kitu. Nilimkuta dada chumbani anakunja vitenge, anavipanga kwa rangi. Alinitazama mara moja, akajua.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mteja wako."

Aliendelea kukunja. "Kuna kilichovunjika?"

"Hakuna."

"Sasa mbona uso huo kama wa msibani? Vyungu vimefika. Mteja kafurahi. Mama anasifiwa Dar. Nani kaumia?"

"Mama ameacha kazi."

"Ataanza tena. Yule hajui kukaa." Akachukua kitenge kingine. "Ulitaka niseme nini? Mama, niongezee vyungu vya bure, nataka mtaji? Angeniambia ngoja mavuno. Kila mwaka, ngoja mavuno. Unaona watu wanavyovuka na mizigo pale Songwe? Wanangoja mavuno, wale?"

"Uliniambia udongo wake umechoka."

"Nilikwambia."

"Na yeye ulimwambia nini?"

Hapo alisita, kwa mara ya kwanza. Akakilaza kile kitenge mapajani, akakilainisha kwa kiganja.

"Nilimwambia wewe hujui kufunga. Kwamba unajitahidi, lakini mikono yako ni mizito. Nikamwomba asikwambie, kwa kuwa wewe huna mama, utaumia." Akainua macho. "Akakutunzia siri. Na wewe ukamtunzia yeye. Kila nilipokwenda kule nilitegemea mmeshaulizana. Mngeulizana siku moja tu, ningeacha. Wallahi ningeacha."

Hata kiapo kile alikuwa amekiokota madukani. Nilisimama pale nikiwaza zile shingo. Mama mkubwa hakuwa akipambana na udongo wake. Alikuwa akifupisha shingo ili vyungu vivumilie mikono yangu. Alikuwa amenitazama Matema nikimsifia, akaninyamazia kwa huruma, nami nikamnyamazia kwa huruma, na kati ya huruma zetu mbili dada yangu alikuwa amejijengea duka.

"Naenda kumwambia," nikasema.

"Nenda. Mwambie. Halafu uone."

Sikuelewa maana ya lile neno la mwisho. Nililichukulia kuwa ni jeuri.

Ziwa lilikuwa limetulia nilipovuka. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha, kwa kuwa nilikuwa nambebea mama mkubwa habari ambayo ingemrudishia usingizi. Nilimkuta anachambua mboga. Nilikaa chini mbele yake, nikamweleza yote, duka, rafu, maneno ya yule mama, pumba kwenye maua. Sikupunguza, sikuongeza.

"Hakuna hata kimoja?" akauliza.

"Hakuna, mama mkubwa. Udongo wako mzima. Mikono yako mizima."

Niliona lile neno likimwingia. Niliona mgongo wake ukinyooka kidogo, na vidole vyake vikisugua hewa, kama vinavyofanya vidole vya mfinyanzi vikikumbuka tonge. Nikadhani tumeokoka. Kisha uso wake ukajifunga.

"Ungeniambia vimevunjika," akasema.

"Mama mkubwa?"

"Ungesema barabara. Ungesema makuli. Wewe nilikuwa nimeshakusamehe, muda mrefu. Nilikuwa nimezoea. Sasa umeniletea mwingine wa kumsamehe, na huyo nimemzaa."

Aliyasema bila ukali. Ndiyo maana yaliingia. Miaka yote ile, ule mkeka mmoja, ile fimbo moja, na sasa nilikuwa nimeonyeshwa ulipo mpaka kati yangu na binti yake, na mtu ambaye pengine hata yeye hakuwa akijua kwamba upo.

Alirudi kwenye udongo kabla ya mwezi kuandama. Kigae alikiosha, kuku wakatafutiwa kopo. Alifinyanga kama hajawahi kuacha, na shingo zikapanda tena, ndefu, zisizoogopa mtu, na ukingoni weupe. Dar hatukupeleka tena. Dada alihamia Kasumulu na vitenge vyake. Sikukuu alikuja na doti kwa ajili ya mama yake, wakakaa ndani wakazungumza taratibu, na mama mkubwa akatoka ameivaa. Mimi niliendelea kwenda Matema siku za gulio kumsaidia, kwa sababu mapenzi hayaishi siku unayojua ukweli. Yangeisha, ningekuwa na kazi nyepesi zaidi.

Siku moja ya gulio alikuja mnunuzi kutoka Tukuyu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, akainama juu ya vyungu akivigonga.

"Mama, nilisikia ulikuwa unapeleka Dar, kwa mitandao. Mbona umetuletea tena sisi washamba?"

Wafinyanzi wenzake waliokaa pembeni walinyamaza wasikie. Nadhani wote walikuwa wamesikia kitu, na kila mmoja alikuwa amekimalizia kwa namna yake. Mama mkubwa alifuta mikono kwenye nguo, akacheka kidogo, akanielekezea kidevu. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile aliyokuwa akiitumia kunitetea kwa walimu nilipokuwa mdogo.

"Mtoto wetu huyu. Vyungu vilikuwa vizuri. Kufunga ndiko kulikomshinda."

Wanawake wakatoa mguno wa kunihurumia. Nilimtazama. Alinitazama pia, hakukwepa, na machoni mwake aliniomba, mbele ya wote, nimwachie binti yake.

Nilimwachia. Mikononi nilikuwa nimeshashika chungu ambacho yule mnunuzi alikuwa amekichagua, na nilikuwa nimeanza kukijaza majani makavu tumboni. Mnunuzi aliniangalia, akatabasamu kwa adabu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete, mdogo wangu, usihangaike. Nitafunga mwenyewe."

Akakichukua. Akayamwaga chini yale majani, akakizungushia kanga kwa nje mara moja, akakibeba kwapani kuelekea kwenye lori, kikiwa na tumbo tupu.